Siku Mlango wa Stoo Uliponibana kwa Wakwe

Mimi nimewahi kusimama mbele ya wazee wa ukoo wa mke wangu, siku ya ruracio, siku ambayo watu wazima wanaketi kuzungumza mahari na kijana anapimwa kuanzia kofia mpaka viatu, nikiwa nimevaa leso ya mama yake. Sasa nimeshasema. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, sina nyingine kubwa kuliko hiyo, na nimeona afadhali niitoe mwanzoni ili mcheke mmalize, halafu niwaeleze jinsi mtu mwenye akili zake, fundi anayeaminika Nyeri mjini, alivyofika hapo.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikifanya kazi gereji moja ya bodi hapo chini karibu na stendi. Tajiri wangu alikuwa amenunua gari kwa Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao, na si gari la kawaida, ni lile gari lenye nyumba ndani, kuna kitanda, kuna jiko la gesi, kuna sinki, kuna hata kabati la vikombe ambalo vikombe vyake havianguki gari likipiga kona. Sisi pale gereji tuliliita Nyumba tu. Mtu akiuliza tajiri ameenda wapi anaambiwa yuko kwa Nyumba, na mke wake alipopiga simu siku moja akaambiwa hivyo alikasirika sana, maana nyumba anayoijua yeye ni ile alimokuwa amekaa akimngoja. Tajiri alitaka kulikodisha kwa watalii wanaokuja kuzunguka Mlima Kenya. Nililipenda lile gari kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nafika kazini mapema ili nilifute vumbi kabla wengine hawajaanza kuegemea.

Shida yake ilikuwa stoo za chini. Pande zote mbili, chini ya madirisha, kulikuwa na stoo ndefu ya kuwekea mizigo, na kila stoo ilikuwa na mlango mpana wenye bawaba juu, unaofunguka kwenda juu kama bawa la kuku. Mlango huo unashikiliwa na shoki mbili za gesi, moja kila upande, zile bomba nyeusi zenye chuma king'aavu kinachotoka na kuingia. Zikiwa nzima, unabonyeza kitasa, unainua kidogo, na mlango unapanda wenyewe taratibu na kukaa huko juu bila mtu kuushika. Zikichoka, gesi inapungua, zinavuja mafuta, na mlango unakuja chini wakati wewe umeinama ndani unatafuta jeki. Hizo zetu zilikuwa zimechoka zote nne. Tulikuwa tunaegemeza milango kwa mti wa ufagio.

Basi nikamwomba tajiri anipe Nyumba niende nayo Othaya kwa kina Wangari, msichana niliyetaka kumwoa, na yule mzee (Mungu ambariki, alikuwa mkali lakini roho yake nzuri) akasema, "Tengeneza hiyo milango kwanza, halafu uende nayo. Hiyo ndiyo itakuwa testi." Tukaagiza shoki kutoka Nairobi, jozi mbili. Ikaja jozi moja. Ile nyingine ingekuja wiki inayofuata, na ruracio ilikuwa Jumamosi hiyo.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Shoki mpya mbili, milango miwili. Fundi yeyote angeweka zote mbili kwa mlango mmoja, huo uwe mzima kabisa, na ule mwingine ubaki na ufagio wake. Lakini mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anakata kiazi kimoja mara sita ili kila mtoto apate, na nikajiona nikifika kwa wakwe na bawa moja limepanda vizuri na lingine linashikwa na ufagio, nikaona hapana, huo si uungwana. Nikazigawa. Kila mlango nikaupa shoki moja mpya na moja ya zamani. Nikajaribu saa sita mchana, jua la Nyeri likiwa limewaka, na milango yote ikapanda, ikakaa. Ilikuwa inapanda kwa kujikunja kidogo, upande mmoja ukitangulia, lakini ikakaa. Nikawaita wenzangu waone. Mmoja akasema, "Lakini hizi shoki hubadilishwa mbili mbili." Nikamwambia anyamaze, ana wivu.

Kitu ambacho nilikuwa nakijua vizuri na nikakisahau ni kwamba gesi hupenda joto. Kukiwa na baridi inanywea, na shoki iliyokuwa ikijikaza mchana inalegea. Na Othaya asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umelala kwa majani ya chai na manyunyu hayaishi, si mahali pa kupeleka shoki ya zamani.

Niwaambie pia nilichokuwa naogopa, ndio mjue kwa nini nilitaka milango ionekane. Baba yake Wangari alikuwa amefariki zamani. Mama yake ndiye aliyewalea, akichuma chai na kubeba kuni na kubeba kila kitu kingine, na ingawa msemaji wa ukoo wao alikuwa Mzee Theuri, kaka ya marehemu, Wangari alikuwa ameniambia wazi, "Wazee wataongea mpaka jioni, lakini mama asipotaka, hakuna kitu." Alikuwa ameshakataa kijana mmoja, mwalimu, mtu wa tai, na hakutoa sababu. Kwangu alikuwa amesema neno moja tu, "Nitamwona." Kwa hivyo siku hiyo ilikuwa ni kukubaliwa na huyo mama au kurudi Nyeri na mbuzi wangu.

Tukafika. Akina mama wa kwao wakatufungia geti, wetu wakaimba, wao wakajibu, wakatuzungusha na nyimbo mpaka sauti za shangazi zangu zikakauka, halafu geti likafunguliwa nikaingiza Nyumba ndani ya boma. Mahali pa kuegesha palikuwa mteremko karibu na ua, pembeni kabisa, kando ya rundo la kuni. Nikashuka kama waziri. Nikabonyeza kitasa cha upande huu, mlango ukapanda. Nikazunguka nikabonyeza cha upande ule, ukapanda. Watu wakasema eeh. Mzee mmoja akainama akatafuta kamba inayovuta, hakuiona, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa tena. Na Mama Wangari, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na leso yake ya kijani mabegani, akatazama mlango, akatazama chini, akaingia jikoni. (Yeye na mimi hatukusalimiana kwa mkono, na nyinyi mnajua kwa nini. Kwetu kuna thoni, ile heshima ya ukwe, kijana na mama ya msichana hawakaribiani ovyo, hawagusani, hawaonani wakiwa hawajajiweka sawa.)

Mizigo ikashushwa, soda, unga, sukari, mikate, sufuria. Vijana wakafunga milango, watu wote wakaenda chini ya turubai upande wa pili wa nyumba, tukaketi, maombi yakaanza. Maombi yalipoisha baba mdogo Gachanja, aliyekuwa msemaji wetu, akaninong'oneza, "Blanketi ya mama iko wapi?"

Blanketi ya mama. Katika vitu vyote mtu anavyoweza kusahau siku hiyo, hiyo ndiyo haisahauliki, ni ya mama mwenyewe, ndiyo ya kumshukuru kwa kumlea msichana. Tulikuwa tumeiacha ndani ya stoo. Ningemtuma binamu. Bwana harusi hatakiwi kuinuka ovyo. Lakini sikutaka mtu mwingine afungue milango yangu, nikasema nitaenda mwenyewe, na nikaenda mbio kidogo.

Nikafungua. Mlango ukapanda, ingawa sasa ulikuwa unapanda kwa uvivu. Kwa sababu ya ule mteremko blanketi ilikuwa imeteleza mpaka mwisho kabisa wa stoo. Nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikaingiza tumbo, nikainyoosha mikono yote miwili, nikaishika kwa ncha za vidole, na hapo ndipo nikasikia nyuma yangu kitu kikisema *tsss*, pole pole, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

Mlango ulikuja wote. Ukanipiga kiunoni na kukaa. Na kwa sababu upande mmoja ulikuwa na nguvu na mwingine hauna, ukajipinda ukakwama hivyo, hauendi juu wala chini, na ulimi wa kitasa ukaingia kwa suruali yangu ya suti, hapo hapo kwenye makalio. Kwa hivyo nusu yangu ya juu ilikuwa gizani ikiwa imekumbatia blanketi, mikono mbele, hakuna nafasi ya kuirudisha, na nusu ya chini ilikuwa nje kwa manyunyu ikiangaliwa na Othaya yote. Nikapiga teke. Nikajivuta, nikasikia suruali ikianza kutoa sauti, nikaacha. Kule chini ya turubai walikuwa wameanza wimbo, na nikajua hata nikipiga kelele hawatasikia, na pia nikajua sitaki wasikie.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Halafu nikasikia hatua kwa majani, na kuni zikigongana, na hatua zikasimama.

"Ni nani huyo?"

Nikaijua hiyo sauti. Kuni za jikoni zilikuwa zimepungua na yeye si mtu wa kuacha wageni wangoje chai, amekuja kuchukua mwenyewe. Nikanyamaza kimya kabisa, kama kwamba nikinyamaza miguu yangu haitaonekana.

"Nauliza ni nani amelala kwa gari."

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Muriuki."

Nikasikia kuni zikiwekwa chini. Kisha akasema tena, na sauti ilikuwa imegeuka, ilikuwa inaenda upande wa shamba. "Muriuki, nimekupatia mgongo. Siangalii. Umeumia?"

"Sijaumia, mama. Nimeshikwa tu."

"Umeshikwa na nini?"

"Na mlango."

"Huu mlango watu walikuwa wanasifu, ati unafunguka peke yake?"

"Ndio huo, mama."

"Basi uambie ufunguke."

Nawaapia hakucheka. Alisema vile mtu anasema jambo la maana. Nikamweleza kwamba umekwama, kwamba shoki moja ni mbaya, kwamba lazima uvutwe kutoka nje na kuinuliwa, na nilipokuwa nikieleza hayo yote uso ukiwa ndani ya blanketi yake nilitamani Mlima Kenya uje uniangukie.

"Niite wanaume?" akauliza.

"Tafadhali usiite, mama."

Akafikiri. "Hapana, siwezi kuwaita. Wakikuona hivi, maneno ya leo itageuka kicheko, na kicheko haiishi. Na mimi siwezi kukushika. Huu mlango uko na mahali ya kufunga kitu?"

"Kuna kishikio, mama. Kiko chini ya mlango, karibu na... karibu na mimi."

"Karibu na wewe wapi?"

"Kiunoni."

Halafu akasema, "Funga macho."

"Mama, huku ndani hata sioni kitu."

"Wewe funga."

Nikafunga. Na hapa naomba mtulie, kwa sababu nimefanya kazi na mafundi wengi na nimeona watu wakitoa injini kwa kamba na mti, lakini sijaona kazi kama ile. Mama Wangari alikuja kinyumenyume. Nilisikia visigino vyake vikitangulia kwa nyasi, hatua ndogo ndogo, na mkono wake ukipapasa chuma cha mlango kutoka pembeni, polepole, ukikwepa kila mahali ambapo ningeweza kuwa, mpaka ukapata kishikio. Alikuwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu wanabebea kuni, unapita kipajini na mzigo unakaa mgongoni. Akaufunga mukwa kwa kishikio, akiwa bado amenipa mgongo, akifunga fundo kwa mikono iliyo nyuma yake bila kuliona. Akaweka ukanda kwa kipaji cha uso.

"Nikisema sasa, utoke," akasema. "Na hiyo kitu umeshika usiachilie."

Akaegemea mbele, vile wanavyoegemea wakipanda ule mlima kutoka mtoni na mzigo, akaanza kutembea kwenda shambani. Hatua moja, nyingine. Mlango ukalia. Ule upande uliokwama ukajinyoosha, na mlango ambao mimi na teke zangu zote tulishindwa hata kuusogeza ukaondoka kiunoni kwangu na kupanda juu ukivutwa na shingo ya mama mmoja ambaye hakugeuza kichwa hata kidogo.

"Sasa."

Nikatoka kinyumenyume na blanketi yangu. Lakini ulimi wa kitasa ulikuwa bado umeshika, na suruali ikararuka kutoka mkanda mpaka nyuma ya goti. Ilikuwa sauti ndefu. Hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuuliza ni nini.

"Mama," nikasema, "tafadhali usigeuke."

"Sijageuka."

"Suruali imeraruka."

Alisimama pale akiwa bado ameushikilia mlango kwa kipaji, anaangalia shamba lake la chai. Kisha akaitoa leso mabegani, akarudisha mkono nyuma, akaiachilia kwa ukingo wa mlango. Nikaichukua nikajifunga. Nikaushika mlango, nikafungua fundo, akauvuta mukwa wake.

Nikamwambia nitajificha ndani ya Nyumba mpaka watu waende, yeye awaambie nimeugua tumbo. Akasema, "Blanketi ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi unaileta ama unajificha nayo?" Akafunga kuni zake, akazibeba, akaenda jikoni kwa njia ya nyuma. Alikuwa mnyoofu chini ya ule mzigo kama mtu asiyebeba kitu.

Nikaenda. Nilipozunguka nyumba na kutokea mbele ya turubai, nimevaa koti la suti juu na leso ya kijani chini, blanketi mikononi, wimbo ulikatika katikati. Shangazi yangu mmoja akajifunika mdomo. Vijana wa kwao wakaanguka kwa kicheko, baba mdogo Gachanja akaangalia dari la turubai, na Wangari aliyekuwa ameketi na wasichana wenzake akainamisha uso. Halafu kicheko kikaanza kufa kidogo kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuitambua leso.

Mzee Theuri akasimama. "Gachanja," akasema kwa upole, na mzee wa Kikuyu akianza kwa upole mjue mambo yamekuwa magumu, "hiyo leso ni ya mwenye hii boma. Sisi tumeiona asubuhi kwa mabega yake. Sasa tunaiona kwa kiuno ya kijana yenu. Hapa kwetu hiyo si kitu ndogo. Kabla hatujaongea ingine, tuambiwe imefika huko namna gani."

Baba mdogo akaniangalia mimi. Nikafungua mdomo. Nikisema ukweli, nimesema mama wa watu alinikuta matako yakiwa nje. Nikidanganya, nimeanza undugu kwa uongo mbele ya watu walioomba Mungu sasa hivi. Nikaufunga.

Mama Wangari alikuwa ametokea mlangoni na birika la chai. Mzee Theuri akamgeukia. "Mama, hii leso yako, huyu kijana ameitoa wapi?"

"Nimeiacha kwa mlango wa gari," akasema. "Nilienda kuni. Nikapata mlango umeanguka, nikauinua na mukwa."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Mimi sijaona mtu."

"Hukuona mtu?"

"Nimesema sijaona. Nimesikia sauti tu. Ilikuwa inaniita mama." Akaweka birika mezani. Akaja mpaka katikati ya watu, akasimama kando kidogo, asinikaribie, akanyoosha mikono, na shangazi yangu akaelewa haraka, akachukua blanketi kwangu akampa. Akaipangusa manyunyu. "Huyu angekaa ndani ya hiyo nyumba ya magurudumu mpaka jioni na mngeambiwa ni mgonjwa. Amekuja mbele yenu hivi alivyo, kwa sababu blanketi ni yangu na siku ni leo. Yule mwalimu hangekuja. Mimi nimemchukua. Nyinyi ongeeni maneno yenu, chai inapoa."

Akarudi jikoni na blanketi begani, mahali leso ilikuwa.

Mzee Theuri aliketi. Kisha akasema kwamba ni sawa, lakini leso iliyovaliwa na kijana haiwezi kurudi kwa mama, kwa hivyo nitaleta nyingine, na leso haziuzwi moja moja, nilete doti nzima. Watu wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilicheka. Nikaketi kwa uangalifu sana mpaka mambo yakaisha.

Jozi ya pili ya shoki ilikuja wiki iliyofuata. Nikatoa zote, nikapanga upya, mpya mbili kwa mlango mmoja na mpya mbili kwa ule mwingine, na zile za zamani nikazitupa mimi mwenyewe ili nisije nikajaribiwa. Tangu siku hiyo, mteja akiniambia niweke moja tu kwanza, nyingine tutaona mwisho wa mwezi, namrudishia funguo zake. Na mlango ukiwa juu, hata uwe wa gari jipya kabisa, naweka ufagio chini yake kabla sijaingiza kichwa. Vijana wa gereji wananicheka. Mama Wangari hajawahi kumwambia mtu yeyote alichokiona au asichokiona pale kando ya kuni, hata binti yake, miaka yote hii. Wangari ameyasikia haya kutoka kwangu, na aliponisikia akasema, "Huyo ndiye mama yangu," akaenda kumpigia simu kumuuliza kama amekula.